Maswali ya Wasomaji: Pengo, Daraja na Meno Majirani

Toleo lililopita niligusia habari ya daraja la meno, mistari kama minne tu, basi meseji zikamiminika mpaka mhariri akaniuliza umewaambia nini hawa watu. Nimezisoma zote, nyingi zinafanana, kwahiyo nimechukua saba. Kwa wale waliopitwa: daraja, au briji kama wengi mnavyoliita, ni jino la bandia (au mawili matatu) linalokaa juu ya pengo likiwa limeshikwa na meno ya pembeni. Halivuliwi usiku kama pleti, linagandishwa kwa simenti na linabaki humo humo. Na kwa kuwa halina mzizi wake lenyewe, uzito wote wa kutafuna wanabeba majirani. Hilo la majirani lishikeni, manake karibu kila jibu hapa chini linarudi hapo.

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, niling'oa gego la chini miaka miwili iliyopita. Halionekani hata nikicheka na sisikii maumivu yoyote. Mke wangu kila siku ananisumbua nikazibe pengo. Kuna haja kweli au ni kujitafutia gharama?" Baba Wawili

Marahaba. Nakujibu bila kukuficha, siyo kila pengo lazima lizibwe. Mtu mwenye meno kama 20 yaliyo imara na yanayokutana vizuri juu na chini, mara nyingi anakula na kuongea freshi tu, na gego la mwisho kabisa kule nyuma tunaliachia pengo lake bila wasiwasi. Kwahiyo shemeji hajashinda bado.

Ila na wewe hujashinda. Meno hayajapigiliwa kama misumari kwenye ubao, kila moja linakaa pale kwa sababu limebanana na jirani zake na linakutana na mwenzake wa upande wa pili, sasa ukitoa moja wengine wanaanza kusogea taratibu bila kelele. La nyuma ya pengo linainamia mbele kama mtu anayesinzia kwenye basi, na lile la juu, ambalo lilikuwa linatafuna na hilo ulilong'oa, linashuka kumtafuta mwenzake. Likishashuka vya kutosha, siku ukiamua kuweka daraja unaambiwa nafasi hakuna, mpaka la juu lisagwe au lirudishwe na nyaya kwanza. Na mfupa nao unanywea, upana wa ule ukingo wa taya unaweza kupungua hadi karibu nusu ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa, na sehemu kubwa ya huko kupungua inatokea miezi mitatu ya mwanzo.

Leo usiku simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, uma meno yako kawaida afu vuta shavu pembeni kwa kidole. Angalia jino la juu linalotazamana na pengo, je limechungulia chini kuliko wenzake? Chakula kinakwama nyuma ya pengo kila ukila? Kama jibu la yote ni hapana, mwombe daktari wako achukue vipimo vya meno avihifadhi, mkutane baada ya mwaka mlinganishe. Kama ni ndio, nenda mwezi huu huu.

"Habari za kazi daktari. Mwanangu wa miaka 15 aling'oka jino la mbele la juu kwenye mpira, hatukuliona tena. Kliniki ya kwanza wanataka kusaga meno mawili ya pembeni waweke briji ya meno matatu. Ya pili wanasema impilanti. Hayo meno ya pembeni hayana hata tundu. Nimechanganyikiwa." Mama Mwenye Wasiwasi

Pole sana mama, na kijana mpe pole. Hao wote wawili hawajakudanganya, vyote walivyotaja ni vitu halali, ila umri wa mwanao ni kama wameuruka.

Nianze na impilanti. Ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye taya na mfupa unashikana nayo moja kwa moja, Brånemark wa Uswidi ndo alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Ni kitu kizuri sana, kwa mtu mzima. Taya la mtoto bado linakua na meno yake yanatembea nalo, impilanti haitembei, imeganda na mfupa pale pale ulipoiweka. Mwekee leo ana 15, akifika 20 wenzake wote wameshuka yenyewe imebaki juu, jino linaonekana fupi na ufizi umekaa kombo, na kulitoa hilo upya siyo kazi ya kitoto. Ndo maana tunasubiri ukuaji uishe, na kwa wavulana inaweza kwenda hadi miaka 20 na ushee.

Sasa briji ya meno matatu. Hiyo inashikwa na kofia, yani magamba ya bandia yanayovalishwa meno ya pembeni, na jino ili livalishwe kofia lazima lisagwe, milimita 1 hivi hadi 2 kuzunguka na juu. Gamba la nje la jino, enameli, likisagwa haliote tena kwa sababu seli zilizolitengeneza zilishakufa jino lilipochomoza. Na kwa kijana kuna la ziada, kiini cha ndani chenye mishipa bado ni kikubwa, ukisaga unakisogelea, jino linaweza kufa kimya kimya baadaye likaishia kwenye ruti kanali, yani kutolewa kiini na kuzibwa ndani. Kwahiyo meno mawili mazima, hayana kosa, yanaingizwa kwenye matatizo ya jino lisilokuwepo. Mi hiyo huwa inanikera, niseme ukweli.

Kuna ya tatu ambayo sijui kwa nini hawakukutajia. Inaitwa Maryland, jina limetokana na Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani walikoiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni jino moja la bandia lenye kibawa chembamba, na kibawa kinagandishwa mgongoni mwa jino jirani, kule ambako mtu akicheka haonekani. Daktari anapaka asidi kwenye enameli kwa nusu dakika hivi, inachimba vitundu vidogo mno ambavyo jicho halioni, gundi inazama humo na kushika. Kusaga hakuna, au kupo kidogo sana, mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Na hapa kuna jambo linaloshangaza hata wenzangu kazini: kwa jino moja la mbele, kibawa kimoja mara nyingi kinadumu kuliko viwili. Mtu angedhani viwili ni uhakika zaidi. Lakini kila jino lina kuyumba kwake kadogo wakati wa kutafuna, ukiyafunga mawili pamoja yanavutana, mwisho kibawa kimoja kinaachia na cha pili kinaendelea kushika, daraja linabaki mdomoni kama kawaida, mate na mabaki ya chakula yanaingia chini ya kile kilichoachia na jino linaoza mwenyewe hana habari. Kikiwa kimoja kikiachia kinadondoka, unakiokota, unakuja, tunagandisha. Basi.

Kwahiyo rudi uulize swali moja tu: kijana anaweza kupata Maryland ya kibawa kimoja kwa sasa, mambo ya impilanti tukayaangalie akishakua? Wataangalia anavyouma, kama meno ya chini yanagonga sana mgongo wa yale ya juu nafasi ya kibawa inakuwa finyu, hapo kuna mjadala. Na mpirani avae kinga ya meno.

Nitoke nje ya mada kidogo kwa faida ya wazazi wote. Jino la utu uzima likitoka zima mpirani, lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi, kama lina mchanga lisuuze tu bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo mtoto aume kitambaa, mkimbilie kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha liweke kwenye maziwa. Dakika zina maana sana hapo, likikauka nusu saa au zaidi nafasi ya kupona inashuka vibaya. La utoto usirudishe, utaumiza la chini yake.

"Mwanangu daktari, nina miaka 68 na sukari ninayo. Nimeng'olewa meno manne yaliyofuatana upande wa chini. Nataka daraja moja la kuziba yote, pleti sizitaki, zinanitapisha. Kijana wa kliniki amekataa, anasema haiwezekani. Ni kweli au hajui kazi?" Mzee wa Subira

Shikamoo mzee. Anajua kazi, tena mshukuru.

Fikiria ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, ukiukanyaga katikati unabonyea. Sasa sogeza mawe yaachane mara mbili, ubao ule ule, uzito ule ule, kubonyea hakuongezeki mara mbili bali mara 8. Mara tatu, ni 27. Kwa mapengo manne yaliyofuatana ni mara 64 ya pengo moja, na hapo kinachoumia siyo ubao peke yake, simenti inapasuka na meno nguzo, yani wale majirani wanaolibeba daraja, yanasukwa sukwa mpaka yanalegea. Tangu mwaka 1926 kuna kanuni ya daktari mmoja aitwaye Ante, kwamba eneo la mizizi ya nguzo lisipungue lile la mizizi ya meno yaliyoondoka. Siku hizi hatuishiki kama msahafu, hasa ufizi ukiwa mzima, lakini nguzo mbili kubebeshwa mizigo minne, hapana mzee.

Kinachowezekana ni impilanti mbili na daraja juu yake, yani unajenga nguzo mpya badala ya kuwaonea majirani. Sukari yenyewe siyo kikwazo ikiwa imetulia, tunaangalia kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, siyo kile cha kuchoma kidole asubuhi. Ikiwa juu vidonda havifungi na ufizi unaoza haraka, basi tunaishusha kwanza. Na kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, vidonge au sindano, mwambie daktari kabla hajagusa taya, usingoje akuulize.

Halafu hiyo pleti iliyokutapisha, ilikuwa ya juu iliyofunika kaakaa lote? Ya chini haifuniki kaakaa, inakaa tofauti kabisa. Usiihukumu kwa makosa ya dada yake.

"Mambo dokta, briji yangu imetoka nzima nzima nikiwa natafuna, haijavunjika, nimeifunga kwenye tishu. Naweza kuigandisha na supagluu wakati natafuta nafasi ya kuja?" Nipo Njiani

Poa. Hapana. Hapana tena kwa herufi kubwa.

Nina mgonjwa wangu, simtaji, alifanya hivyo usiku wa kuamkia harusi ya mwanae. Likakaa upande, likaganda, akawa hawezi kufunga mdomo sawasawa, picha zote za harusi yuko kama mtu aliyeshtuliwa. Jumatatu yake ikabidi nilikate vipande vipande kulitoa, daraja ambalo lingerudi kwa dakika 20 likaishia kwenye pipa la taka. Gundi ile inachoma ufizi, na ikishakauka ndani ya kofia daraja halikai tena penye usawa wake.

Lioshe, liweke kwenye kikopo kigumu (tishu hapana, watu wanatupa tishu), piga simu kliniki. Tafuna upande mwingine. Ukiwa na shughuli muhimu unaweza kulishikiza kwa simenti ya muda ya duka la dawa, lakini usilale nalo, ukilimeza ni afadhali, likiingia njia ya hewa ni habari nyingine.

Na kabla hujaja, geuza daraja uchungulie ndani ya kofia. Ukiona simenti nyeupe kavu na meno yako yaliyosagwa ni magumu, nafuu, pengine tunagandisha tu. Ukikuta rangi ya kahawia, laini, na harufu kama ya kitambaa kilicholowa siku tatu, basi jirani ameoza chini ya kofia na ndo maana limetoka. Hapo usishangae nikikataa kurudisha.

"Dada yangu daktari, nina briji ya meno matatu mwaka wa pili sasa. Napiga mswaki asubuhi na usiku ila kuna harufu, tena naisikia mwenyewe. Uzi wa meno haupiti, meno yameungana. Nifanyeje?" Najificha Jina

Asante kwa kuuliza, manake hili wengi wanalo na wanaona aibu. Uzi haupiti kutokea juu kwa sababu ni kweli meno yameungana, unatakiwa kupita chini, kati ya ufizi na tumbo la jino la bandia. Pale ndo pango la chakula, mswaki haufiki hata upige nusu saa.

Kuna uzi wa meno maalumu, ncha yake ngumu kama ya kamba ya kiatu, katikati umevimba kama sponji. Ingiza ncha ngumu pembeni ya jino la bandia kutokea upande wa shavu mpaka uione imetokeza kwa ndani upande wa ulimi, ivute hadi sehemu ya sponji iwe chini ya jino, afu telezesha kushoto na kulia taratibu kama unavyopiga msasa. Ukifika kwenye jino nguzo ukunje uzi uukumbatie ubavu wake, panda shuka mara kadhaa. Unuse ule uzi ukitoka. Siku ya kwanza utajuta, na damu kidogo itatoka, endelea, ndani ya wiki moja mbili ufizi uliokuwa umevimba unakaza. Nafasi ikiwa kubwa, vile vibrashi vidogo vya kati ya meno ni rahisi zaidi. Kila usiku.

Umefanya hivyo wiki mbili na harufu ipo? Rudi kwa aliyekuwekea. Na nikiri kosa langu hapa: mwaka wangu wa kwanza kazini nililigandisha daraja la mama mmoja nikafurahia linavyong'aa, sikupitisha uzi chini yake, kipande cha simenti kikabaki kimejificha pale, miezi minne ufizi wake umevimba na yeye anajilaumu kwamba hapigi mswaki vizuri. Kosa lilikuwa langu, alikuwa anapiga mswaki kuliko mimi.

"Kuna jamaa anabandika jino la mbele kwa dakika kumi, hasagi wala hachomi sindano, na bei yake ni ya chini mno. Nimeona kazi zake zinapendeza. Nini maoni yako?" Mpenda Tabasamu

Zinapendeza siku ya kwanza. Anachofanya ni kumwaga ule unga wa plastiki na maji yake moja kwa moja kwenye pengo na kuupaka mpaka kwenye meno ya pembeni, mara nyingine na kawaya ndani. Ule unga ukiwa unaganda unapata moto na maji yake yanachoma nyama, na chini yake hapasafishiki kwa namna yoyote. Nimewatoa watu vitu hivyo, unakikata kinatoka kizima na ufizi chini yake mwekundu kama nyama bichi, na majirani wawili wanacheza. Alikuja na pengo moja anaondoka na matatu. Kama hela ni tatizo, pleti ndogo ya kuvua ya jino moja ni ya heshima kabisa, haina haja ya kuona haya.

"Briji yangu ya mbele ina mstari mweusi pale ufizini na nikisema 'samaki' natoa mluzi. Inaoza? Na litadumu muda gani?" Mwalimu

Maswali matatu kwa mkupuo, kweli wewe mwalimu. Mstari mweusi mara nyingi siyo kuoza, ni ukingo wa chuma. Madaraja mengi ni chuma ndani na kauri juu, ufizi ukipanda kidogo na miaka ile chuma inachungulia. Yale ya zirkonia, kauri ngumu nyeupe, hayana chuma cha kijivu ndani kwahiyo hilo halipo, ila usilibomoe daraja zima kwa sababu ya mstari, kwanza muone daktari achokonoe ukingo ajiridhishe kuwa kweli ni chuma. Na usijaribu dawa za kung'arisha, kauri haibadiliki rangi, utabaki na meno meupe na daraja la njano.

Mluzi unaisha wenyewe kwa wengi, soma kitu kwa sauti nyumbani kila siku. Zikipita wiki tatu nne bado unapiga mluzi, mgongo wa jino unarekebishwa kidogo.

Kudumu: kwa madaraja ya kawaida yenye nguzo pande zote mbili, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10 karibu 90 kati ya 100 bado yapo mdomoni, na yanapokufa sababu kubwa ni nguzo kuoza. Lile jino la bandia lenyewe haliozi. Wewe umesema ni la mbele, la mwaka gani? Niandikie tena, na useme kama unasaga meno usiku, muulize unayelala naye maana mwenyewe huwezi kujua.